Nilivyowanyima Watu Moto Kumoso

Nilikwenda Kumoso, bonde la mashariki mwa Burundi, kwa sababu niliambiwa nisiende. Mke wangu, Espe, alisema mtu anayelala na mashine hana kazi porini. Kaka yake, shemeji yangu Deo, anayeongoza uwindaji wetu wa kila mwaka, alisema hivyohivyo, tena kwa kicheko: "Shemeji, we bakia hapa Carama. Pori iko na nyoka, aiko na prizi ya umeme."

Nieleze kwanza hiyo mashine. Nina ugonjwa ambao daktari aliuita apne. Nikilala, koo hulegea na kuziba, pumzi hukatika, mwili hushtuka, pumzi hurudi, kisha mambo huanza upya, mara nyingi kwa usiku mmoja, na mimi mwenyewe sijui. Anayejua ni Espe, anayesikia mkoromo ukinyamaza ghafla. Nilichojua mimi ni kuamka nimechoka kama niliyekesha nikipakua magunia bandarini. Mashine yenyewe ni ndogo, kiasi cha redio. Inasukuma hewa kupitia mpira hadi kwenye barakoa ya puani, ili koo lisizibe. Daktari hakunikataza safari. Alisema tu kwamba popote nitakapolala, nayo ilale hapo.

Mwaka uliopita, kabla sijajua haya, nilisinzia kwenye wavu. Tunawinda ndezi, wale wanyama wanene wa majanini wanaokata miwa ya wakulima. Wenye mbwa hupiga majani kutoka upande mmoja, wenye nyavu hujikunja upande wa pili, kimya. Ndezi akinasa, una muda mfupi sana wa kumrukia, kwa sababu meno yake hukata kamba kama mkasi. Mimi nilikuwa nimelala hali nimechuchumaa. Mnyama akatoka, akaniachia tundu. Deo alionya kwamba nikisinzia tena, wavu wangu utapewa mtu mwingine, na mambo yaishie hapo. Miaka kumi na mmoja nimeshika wavu ule. Sikuwa tayari kuuacha kwa sababu ya koo.

Alhamisi, alfajiri, tulitoka Carama, mtaa wetu wa Bujumbura, kwa pikapu ya Deo, yeye na mimi mbele, wenzetu watatu nyuma na mbwa. Mimi ni fundi wa friji, umeme naujua. Nilibeba betri ya sola niliyoijaza kwa siku mbili, nikazima ile sehemu ya mashine inayopasha maji, kwa kuwa ndiyo inayokula umeme kuliko zote. Kwa hesabu yangu, betri ingenitosha hadi Jumapili. Bugarama tuliipita ndani ya ukungu, wauza kabichi wakikimbilia dirishani. Deo alinunua karoti, tukazitafuna hadi Gitega. Baada ya Rutana barabara ilishuka, makoti yakavuliwa, na miwa ikaanza.

Saa tisa alasiri tulifika kwa Mama Jeanine, mjane anayetupokea kila mwaka. Shamba lake la miwa liko kando ya bonde la majani marefu, mbali na hifadhi ya wanyama, na mkuu wa kilima, kiongozi wa kijiji, hujulishwa tunapokuja. Kiswahili alijifunza akiwa mkimbizi Tanzania, anakisema vizuri kuliko sisi, na haachi kutukumbusha. Tulisimamisha hema nyuma ya jiko lake. Nilipotoa betri, aliinama kuitazama.

"Hii ina moto?"

Kwa Kirundi, moto wa jikoni na umeme ni neno moja, naye hulitumia vilevile kwa Kiswahili.

"Ina moto, mama."

"Basi simu yangu imekufa siku ya nne leo."

Nikaichomeka. Ungefanyaje? Huko, jirani akija kuomba kaa la moto, hakuna anayemnyima, na hata kulifikiria ni aibu. Jirani wa kwanza alifika kabla sijafunga begi. Giza lilipoingia nilikuwa na simu kumi na tisa na redio mbili. Mimi, fundi, nilijidanganya kwamba simu ni kitu kidogo.

Ijumaa asubuhi niliamka na barakoa usoni na mashine iliyozimika. Betri ilikuwa tupu tangu sijui saa ngapi. Kichwa kilikuwa kizito, kinywa kikavu. Saa tatu nilikuwa kwenye wavu, nikijifinya mapaja ili nisilale. Kilichoniamsha ni kengele ya shingoni mwa mbwa wa Deo, karibu na sikio langu. Wavu ulikuwa na tundu jipya.

Deo hakupiga kelele, na hilo liliniuma zaidi. "Kesho utabakia na sufuria, shemeji. Mi siwezi kupoteza nyama kila mwaka."

"Nipe siku moja."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kulala."

Wenzetu walicheka hadi mbwa wakabweka. "Mutu analala kwenye wavu, tena anaomba siku ya kulala!"

"Kesho," nilimwambia Deo. "Nikisinzia kesho, mi mwenyewe nakukabizi wavu."

Aliushika wavu penye tundu. "Kesho tu. Apana ingine."

Saa tano niliifunga betri kwenye baiskeli ya Mama Jeanine, nikaisukuma hadi senta, kwenye maduka, kwa kinyozi mwenye paneli za sola juu ya bati. Nilikaa pale mchana kutwa. Kinyozi aliuliza kama nataka kuonyesha sinema. "Nataka kuendesha pua yangu," nikamjibu, akacheka hadi mteja akasogeza kichwa mbali na wembe. Basi nikawaeleza, polepole, kama nilivyowaeleza ninyi. Mwanamume mmoja alisema baba yake hukoroma hivyo, na mchana husinzia akiwa ameegemea jembe. Nilimwandikia neno lile, apne, kwenye kipande cha karatasi, ampelekee daktari. Alikikunja akakitia mfukoni mwa shati.

Saa kumi na mbili jioni nilirudi, nikakuta watu wananisubiri na simu mkononi, Mama Jeanine mbele yao.

"Leo hapana," nikasema.

"Unaninyima moto? Nyumbani kwangu?"

"Nakunyima, mama."

Jirani mmoja alitema mate pembeni. "Watu wa Buja!"

Niliona Deo akitazama chini. Niliomba bidoni, dumu la maji, na kikombe. "Ukichukua kaa jikoni kwangu," nikamwambia Mama Jeanine, "moto wangu hupungua?"

"Haupungui."

"Huu unapungua. Ni moto kwa jina tu, tabia yake ni ya maji." Nikaanza kumimina chini, kikombe kwa kila simu ya jana. Kufikia cha kumi na tisa, bidoni ilikuwa nyepesi. "Hiki kilichobaki ndicho nilichoachiwa jana cha kupumulia."

Kisha niliiwasha mashine, nikamshika mkono, nikauweka mbele ya barakoa. Alihisi hewa, akautoa, akaurudisha.

"Hii ndiyo inayokulaza?"

"Hii ndiyo inayoniamsha, mama."

Aliwageukia majirani. "Nendeni. Akikosa pumzi hapa, nani kati yenu atachimba?" Walipoanza kuondoka akanigeukia mimi. "Na maji yangu uliyoyamwaga, kesho utayachota."

Deo alinipa kibuyu cha pombe ya ndizi, kwa upatanisho. Nikakikataa pia, maana pombe hulegeza koo. Nililala ubavu, begi chini ya mabega.

Jumamosi niliamka kabla ya wote, kichwa chepesi, nikashuka mtoni nikachota bidoni mbili. Saa mbili nilikuwa nyuma ya wavu. Nilisikia kila kitu: kengele, majani yakipasuliwa, hata inzi. Ndezi alikuja chini chini, akaupiga wavu, nami nikawa juu yake kabla hajafungua mdomo. Wa pili alifuata dakika chache baadaye. Deo alipotokea alitazama wanyama wawili, akanitazama mimi. Alitoa kamba mfukoni, akakaa kwenye majani, akaanza kuliziba tundu la Ijumaa kwa mikono yake.

Jumapili tulirudi. Niliyojifunza nawapa wenye koo kama langu. Pori halijatufukuza. Zima kinachopasha maji, lala ubavu, pombe waachie wengine. Na sema hapana mapema, kabla ya simu ya kwanza, tena mbele ya watu, mchana, ukiwa na maneno ya kueleza. Mimi nilichelewa siku moja, nikakaribia kupoteza wavu.

Njiani, nikiwa na usingizi wa kawaida wa msafiri, nilichomeka mashine kwenye tundu la umeme la gari, linalofanya kazi injini ikiwaka tu, nikavaa barakoa, nikalala pale mbele mchana kweupe. Gitega gari lilisimama, na sauti ya muuza matunda ikaniamsha dirishani.

"Uyu mugonjwa munamupeleka hospitali gani?"

"Mugonjwa wapi?" Deo akamjibu. "Uyu ni mutu wangu wa wavu. Ongea polepole, analala."

Sikufumbua macho.