Wimbo wa Kusubiri Sarafu

Rafiki yangu, usinialike tena kutazama muvi mpya. Nimependa sinema tangu utotoni na nimevumilia mengi. Nimevumilia picha zenye giza mpaka nikadhani televisheni imeharibika. Nimevumilia waigizaji wanaonong'ona maneno ya maana, halafu gari linalipuka na kumwamsha jirani. Nimevumilia hadithi ambazo baada ya saa tatu za kukaa kitako unaambiwa usubiri sehemu ya pili. Shujaa wa siku hizi hali, halali, hana shangazi wala deni dukani, na akifanya jambo dogo tu violin zinakuamuru ulie. Hayo yote niliyameza. Lakini ile ya mwaka huu, iliyotengenezwa kutokana na gemu ya zamani, imenikaa kooni, na ngoja nikueleze kwa nini.

Tulikuwa nyumbani Migori, Jumapili baada ya chakula, mimi na wanangu wawili. Wao ndio waliochagua. Nilikuwa nimeanza kusinzia wakati shujaa alipofika ukingoni mwa maji, akasimama, na muziki ukaanza taratibu. Usingizi uliniruka. Wimbo ule niliujua kabla sijajua kusoma. Walikuwa wameuvisha violin na ngoma na kwaya ya watu wanaoimba "aa, aa" bila neno hata moja, wakauvuta na kuupandisha kwa mbwembwe, lakini ulikuwa ule ule. Nilienda jikoni nikafungua bomba ili wanangu wasinisikie nikilia. Yule mdogo alinifuata, akanitazama, akasema, "Mum, hiyo ni gemu tu." Nilimwambia ni kitunguu, ingawa tulikuwa tumeshakula.

Nililelewa Sindo na nyanya yangu, mamake mama, tuliyemwita Dani, na kazi yake ilikuwa omena, dagaa wa ziwani. Mashua zilizovua usiku kwa taa zilifika alfajiri, naye alikuwa tayari ufukweni na beseni lake, akibishana bei kwa sauti ya chini kama mtu anayesali. Tulianika samaki wale juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa kwenye changarawe. Kazi yangu ilikuwa kuwageuza na kufukuza nyange. Uji wa wimbi wenye ndimu tuliunywa tukiwa tumesimama, jicho moja kwenye kikombe na jingine kwa ndege. Mchana kulikuwa na viazi vitamu na chai. Harufu ya omena iliingia kwenye nywele, kwenye sare ya shule, hata kwenye karatasi za mtihani, na hakuna aliyejali kwa sababu sote tulinuka vivyo hivyo.

Kando ya uwanja wetu wa kuanikia, hatua chache tu, kulikuwa na banda la video. Kuta zake zilikuwa mabati, nyuma kulikuwa na jenereta iliyokohoa kama mzee wakati wa baridi, na ndani televisheni moja. Jioni zilionyeshwa muvi. Mchana watu walicheza gemu, mashine ndogo ya kaseti ambayo ulimpa mwenyewe sarafu ndipo akakukabidhi pedi ya kubonyeza. Mwenye banda alikuwa mtu wa kisiwa cha Takawiri, mvuvi aliyechoka na maji, na aliliendesha banda lile kwa sheria za mashua. Ndani hakuna kupiga mbinja. Hakuna kutaja mamba. Na mwanamke haingii, mkubwa au mdogo, kwa sababu wavuvi wa zamani waliamini kwamba mwanamke akipanda mashua samaki wanakimbia, na yeye hakuona kwa nini mashine iwe tofauti. Pedi ikikwama, swali lake la kwanza lilikuwa msichana yupi amekanyaga mlangoni.

Kwa hiyo ile gemu sikuwahi kuiona, niliisikia tu. Nilijua wimbo wa kukimbia, wimbo wa chini ya maji, wimbo wa jitu kubwa la mwisho, na ule mfupi wa aibu wa mtu aliyekufa, ambao ndugu zangu wa kiume waliusikia mara nyingi kuliko walivyopenda kukiri. Lakini wimbo uliotawala siku zetu ulikuwa ule wa kusubiri, uliopigwa na mashine wakati hakuna aliyetoa sarafu. Mwenye banda hakuizima mashine wakati huo, aliacha sauti juu ili wateja wavutike. Wateja walikuwa wachache. Tulianika na kuanua, na wimbo ukiendelea.

Hapa nitabishana na mtu yeyote, hata wewe. Watunzi wa gemu zile walikuwa na mashine yenye sauti chache tu, nyembamba kama za mbu, na walijua wimbo wao utarudiwa mpaka mtu achoke na maisha yake. Kwa hiyo ilibidi watunge kitu kisichochosha. Hawakuwa na violin za kujificha nyuma yake. Muziki wa muvi za leo ni mkubwa sana, lakini ukitoka mlangoni jaribu kuuimba kama unaweza. Mimi zile nyimbo za zamani ninazo kwenye simu, nazipiga nikiosha vyombo, na wanangu wanasema mama amerudi tena kwenye mlio wa friji.

Na kwa kuwa sikuwa na picha ya gemu, nilijitengenezea yangu. Nikisikia wimbo wa kusubiri nilimwona yule niliyekuwa namwona kweli: nyanya ameinama, leso imefungwa kiunoni, mkono wake ukimwaga omena juu ya wavu kwa mduara, na ziwa likimeta nyuma yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa gemu yangu. Hakuna aliyenitoza kitu kuitazama.

Maneno aliyatia yeye. Siku moja mashua zilichelewa, upepo ulikuwa mbaya, wanawake walisimama ufukweni na mabeseni matupu, na mashine bandani ikaendelea tu na wimbo wake. Nyanya akaanza kuimba juu yake kwa Kijaluo, "Ruoth, rit joma ni e nam," Bwana, walinde walio ziwani. Maneno yalikaa kwenye sauti kama yalizaliwa pamoja. Wenzake wakaitikia. Mashua zilirudi zote, na tangu siku hiyo wimbo ukawa wa wanawake wa omena, wakiuimba hata jenereta ikiwa imezimwa.

Mwalimu wa kwaya aliusikia alipokuja kununua omena. Alikuwa mtu mwembamba, mkali, ambaye hakuwahi kukaribia banda la video kwa sababu kanisani lilihubiriwa kila mwezi kuwa ni mdomo wa jehanamu. Aliwauliza wanawake wimbo ni wa nani. Wakamwambia ni wetu sisi wa ufukweni. Hawakudanganya. Jumapili iliyofuata kwaya iliuimba kwa sauti nne, na wavulana wa benchi la nyuma wakainamisha vichwa kwa unyenyekevu, vidole gumba vikibonyeza pedi isiyokuwepo. Nilicheka mpaka nikafinywa.

Nilimuuliza nyanya kama si dhambi kumwimbia Mungu wimbo wa mashine. Alikuwa anapepeta omena, hakuinua hata kichwa.

"Nyakwara, hiyo mashine ilikuwa inaimba tu bila maneno," alisema, akiniita mjukuu wake kwa Kijaluo. "Mimi nimeipatia."

Alinyakua pia haki ya kuamua utumike vipi. Ulipotokea msiba wa kwanza wa mvuvi, alisimama akasema huyu ateremshwe kaburini kwa wimbo ule. Baadaye wakateremshwa nao wavuvi wengine, kisha wake zao, kisha watu ambao hata kuogelea hawakujua. Kwetu mtu alikuwa hajazikwa vizuri kama haukuimbwa. Nyanya mwenyewe alituagiza mapema, na alirudia kila Krismasi tulipokusanyika: "Nikienda mniimbie hiyo, kwa midomo yenu. Msiniletee redio."

Alienda mwaka huu, majuma machache baada ya Jumapili ile tuliyotazama muvi.

Tulimzika kwa mume wake, upande wa Magunga. Kulikuwa na mahema, soda, jenereta mpya isiyokohoa na spika ndefu kuliko mimi. Kwaya ilikuwa ya vijana waliovaa tai. Mwalimu wa kwaya alikuja pia, sasa ana fimbo na macho yamefifia, na kwa heshima yake wakamwachia aongoze wimbo wa kaburini. Aliinua mkono. Wanawake wazima waliitikia. Nikajua hili angalau tunamfanyia sawasawa.

Hawakufika ubeti wa pili. Vijana wa nyuma walianza kutazamana. Kicheko kikavuja. Mmoja alitoa simu na kumsikilizisha mwenzake ule wa violin, kumhakikishia kuwa ndio wenyewe. Mchungaji, kijana mpole aliyeletwa kutoka mjini, akasogea karibu na mwalimu, lakini maikrofoni ilikuwa kwenye kola yake na sote tulisikia.

"Mwalimu, pole. Hii ni wimbo ya muvi. Watoto wangu wanaimba kila siku kwa nyumba."

Mwalimu alitabasamu akidhani anataniwa. Miaka yote ile alikuwa ameufundisha akiamini ni wimbo wa kale wa kinamama wa ziwani. Aliwatafuta kwa macho wale wanawake aliowauliza, lakini wote wako chini ya udongo, na waliteremshwa kwa wimbo huo huo. Akaniona mimi.

"Nyathina, wewe ulikuwa hapo," alisema, akiniita mtoto wake. "Hii wimbo ilitoka wapi?"

Jeneza la nyanya lilikuwa kwenye kamba. Sijui kusema uongo mahali kama pale, na hata sasa sijui kama nilipaswa kujifunza siku hiyo.

"Ilitoka kwa banda ya video, Mwalimu," nikasema. "Lakini maneno ni ya Dani."

Alisikia la kwanza tu. Mkono wake ulishuka polepole, akatafuta kiti kwa fimbo, akakaa na kutazama viatu vyake. Mchungaji hakusema neno baya. Alisema Mungu anaujua moyo wa mama yetu, kisha akamwashiria fundi wa spika, naye akachomeka flashi yake. Wimbo wa mwimbaji fulani wa Nairobi ukaanza kunguruma. Nyanya akateremka kwa redio.

Nina hasira, na nimeigawa kwa haki. Sehemu ndogo ni ya vijana, kwa sababu hawakuona kitu kingine. Kubwa ni ya wenye muvi, ingawa najua wimbo ni wao kisheria na sisi ndio tuliouchukua kwanza bila kuomba. Lakini sisi tuliutumia kuzika watu. Wao wameutumia kuuza bisi. Ulipokuwa umelala kwenye kaseti zao, wamesahau hata kama upo, kuna wanawake waliokuwa wakiulisha na kuuogesha kama mtoto wa kulea, na sasa mwenye mtoto amerudi na gari kubwa, amemchukua, na mtoto hatutambui tena.

Nilipita Sindo siku iliyofuata. Banda limekuwa duka la vifaa vya simu, na msichana ndiye anayeuza. Nilifurahi kwa hilo, nikiri. Omena siku hizi wanaanikwa juu ya vichanja, safi, bila mchanga, na anayewafukuza nyange ni kipande cha karatasi ya kumetameta kilichofungwa kwenye mti. Hakuna aliyekuwa anaimba. Nilinunua kilo moja nikaondoka.

Juzi, nikiwa peke yangu jikoni, nilipiga ule wa asili kwenye simu, ule mwembamba wa mashine, kabla ya violin. Nikawakaanga wale omena wa Sindo ili harufu inisaidie. Nikafumba macho kusubiri leso ile, mgongo ule, mkono unaomwaga samaki kwa mduara.

Nikamwona yule mwigizaji. Amesimama ukingoni mwa maji, nywele zinapepea, anatazama mbali. Nikaanza wimbo upya. Akaja yeye tena.