Sauti Yangu Sebuleni kwa Mkwe

Ulikuwa mwaka ule mahindi yalipoungua na jua, tukala ugali wa muhogo na mgagani mpaka watoto wakasahau harufu ya nyama. Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, alikuja kukaa kwangu Kenyamonta na kompyuta yake. Kazi yake kuvaa vidude masikioni, kusikiliza sauti za wagonjwa na madaktari zilizorekodiwa, na kuziandika. Nilimwambia hiyo ni kazi ya kusikiliza umbea kwa mshahara. Akacheka.

Siku moja akaniita kwa utani wetu wa bibi na mjukuu.

"Mke mwenza, njoo. Huyu mama anaeleza habari ya kizazi chake, Kikurya na Kiswahili vimechanganyika. Niandike kinashuka au kimeshuka?"

Nikafunga mlango kwanza. Maneno hayo wanawake tunaambiana wenyewe kwa wenyewe. Nikamweleza kwa mwili wangu, maana mwili mwingine sina. Changu kinashuka nikipalilia, kinaning'inia kama kiwele cha mbuzi, nikilala kinarudi. Kilichoshuka ni kile ambacho hata ulale hakirudi. Nikamwambia na mengine, ya mkojo, ya marehemu babu yake. Tulicheka mpaka machozi. Simu yake ilikuwa mezani. Alisema inachaji.

Sasa mjue, kwetu Wakurya mkwe ni mkwe. Baba wa mtoto huyu, tangu amwoe binti yangu, hajala mbele yangu. Tukikutana njiani anaingia majanini, ananisalimia ameangalia pembeni, na mimi nainamisha kichwa. Ana mshahara, ana nyumba nzuri Bomani, lakini heshima hiyo hakuiacha. Nilimjivunia kuliko wanangu wa kuzaa.

Tulipovuna ulezi nikampelekea binti yangu unga huko Bomani. Nikakaa jiko la uani, ndipo mahali pangu. Sebuleni mjukuu wangu, aliyekwisha kurudi kwao, alikuwa anafundisha wasichana wapya wa kazi yake, na baba yake yumo humo anakunywa chai. Nikasikia mwanamke anaongea kwenye spika: "Kinaning'inia kama kiwele cha mbuzi." Nikasema moyoni, huyu mama hana haya. Kisha yule mama akacheka, nikakijua kicheko changu.

Mkwe wangu alitoka na kikombe mkononi. Alipita uani hakuniangalia, lakini safari hii haikuwa heshima. Akamwaga chai kwenye migomba, akaenda zake.

Mjukuu akanifuata jikoni. "Bibi, jina lako sikulitaja."

"Baba yako anahitaji jina ndiyo anijue?"

"Ni mambo ya hospitali tu, bibi. Sikujua itakuumiza."

"Ulijua. Ndiyo maana ukasema simu inachaji."

Nikamwambia: "Sisemi tena. Mwili wangu si darasa lako."

Kila msimu mkwe yule alileta ng'ombe wake mwenyewe kunilimia. Mwaka huu alituma kibarua. Binti yangu anasema mumewe ana kazi nyingi. Anadanganya, na anadanganya vibaya. Nilimlea mwenyewe, namjua.

Juzi mjukuu amekuja na sukari na sabuni.

"Shikamoo, mke mwenza."

"Marahaba. Mke mwenza wako alifia Bomani."

Akakaa chini, akanionyesha simu, kioo cheusi. "Nimeizima, bibi. Kuna mama anaeleza ugonjwa wa ziwa lake kwa Kikurya cha zamani, hakuna anayemwelewa. Nikiandika vibaya, atatibiwa vibaya."

Akalitamka neno alilotumia yule mama. Nalijua. Ni ugonjwa aliokuwa nao bibi yangu, na ulimuua.

"Mlete hapa huyo mama," nikamwambia. "Nitakaa naye, mimi na yeye."

"Siwezi, bibi. Hata jina lake sina. Nina sauti tu."

"Na yeye alijua kwamba unayo?"

Akaitia simu mfukoni. Nikamrudishia sukari yake na sabuni yake, nikamfungulia mlango.

"Sisemi tena. Mwili wangu si darasa lako."