Mume Wangu Anataka Sura ya Mwanaume wa Kwenye Picha ya Fataki

Admin, jina langu lifunike, lakini kisa kiweke kama kilivyo, hata wakwe zangu wakikiona.

Nina miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto wawili, kwetu ni Nakuru. Nafanya kazi ya nyumbani hapa Aziziya, Jeddah. Bosi wangu na mkewe si watu wabaya, nalisema mapema kwa sababu najua mshaanza kunionea huruma. Shida yangu iko Kenya, na nilifunga nayo ndoa kanisani.

Shule zilipofungwa tulienda Riyadh kwa dada yake madam, wakatupeleka kwenye bustani ya burudani. Usiku kukawa na gwaride: magari yaliyopambwa taa juu hadi chini, wachezaji wenye mabawa yanayong'aa, halafu fataki. Picha za madam zilitoka ukungu mtupu. Mimi nikaegemeza simu yangu kwenye mpini wa kigari cha mtoto, nikapunguza mwanga, nikawahi fataki za mwanzo kabla moshi haujajaa angani. Madam alipoziona alicheka. "Yalla, wewe piga. Lakini sura, mafi." Yaani sura za familia zisitoke nje, hasa yake. Kwa watu wa hapa hilo halina mjadala.

Ndipo nikajifunza kupiga watu kwa nyuma, wakiwa vivuli mbele ya ule moto. Jamani, nilipenda! Miaka yote mikono hii imejua sabuni na pasi, sikujua inaweza kutengeneza kitu ambacho mtu anakitazama hadi ananyamaza. Tangu hapo, fataki zikirushwa ufukweni Jeddah, mpiga picha ni mimi.

Ile niliyoipenda zaidi nikaiweka status, madam akiwa amekubali. Ni bosi kwa nyuma, amevaa kanzu, mtoto mabegani, anga lote dhahabu na kijani. Madam alikuwa kando yake, ila kwa heshima nilimkata kabisa asionekane. Hapo ndipo nilipojichongea.

Baba watoto alipiga simu, hata salamu hakutoa.

"Huyo mwanaume ni nani?"

"Ni bosi. Yuko na mke wake na watoto."

"Mke mwenyewe yuko wapi? Na mbona umemficha jamaa sura?"

Nikamweleza desturi ya huku hadi koo likakauka. Akaniambia picha nzuri hivyo inapigwa tu na mwanamke anayempenda aliye mbele yake. Mama mkwe akachukua simu: "Mwanangu, tuma tu ile yenye sura tumwone huyo mke, yaishe."

Picha nzima bado ninayo. Madam amegeuka anacheka, nikabu ameishusha, uso wote wazi. Nikiituma, itazunguka kwenye simu za ukoo mzima. Huyu mama aliniamini. Siwezi kumwanika yeye ili nisafike mimi.

Sasa mume wangu ametoa sharti: nitume sura, au nifute picha zote na nisipige tena. La sivyo nisirudi kwake. Jumapili kuna kikao cha ukoo, nami nihudhurie kwa simu.

Nililia, sitaficha. Halafu nikapandwa na hasira. Nimepika, nimefua, nimelea watoto wa watu, na hakuna hata mmoja wa ukoo huo aliyewahi kuniuliza kama nimelala. Siku nimetuma kitu kizuri ndipo nimekuwa malaya?

Wapendwa, bado nampenda, na watoto wanamhitaji baba yao. Niambieni: niingie kwenye hicho kikao nijitetee mara ya mwisho, au nizime simu wanihukumu peke yao? Lakini anayetaka kunishauri nimtoe madam sura au nifute picha zangu, apite tu. Jumapili hiyohiyo kuna fataki hapa Jeddah, na nitakuwa ufukweni nazipiga, niwe na mume au nisiwe naye.