Kitambaa Chekundu kwenye Usukani

Nilifika yadini siku moja kabla ya kutarajiwa, vumbi hadi kwenye nyusi, kuchukua gari-nyumba la rafiki yangu, lile lenye kitanda na jiko ndani, lililolazwa hapo msimu mzima wa mvua. Meneja alinipa soda baridi na kuniomba radhi: umeme umekatika tangu jana, feni haizunguki.

"Dada yangu atakuhudumia," akasema. "Yeye ndiye daktari wa betri."

Dada mtu wanamwita Mama Chaji. Alitembea mbele yangu kati ya magari yaliyofunikwa maturubai, glavu za mpira mikononi, mita ya kupimia betri ikining'inia shingoni. Gari likizimwa, alinieleza, saa na king'ora huendelea kuinyonya betri kidogo kidogo. Kwa hiyo gari likiingia huichaji mpaka ijae, huchomoa waya wa hasi, kisha hufunga kitambaa chekundu kwenye usukani: hili limelala, lisiguswe. Mara kwa mara hupita na mita, huongeza maji ya betri, huchaji inayopungua.

"Ukiiacha tupu muda mrefu, ndani inaganda kama chumvi. Hapo hata uiombee dua."

Kisha akapunguza sauti. "Msimu uliopita zilinifia mbili. Nilisahau kuchomoa waya. Mimi sikumbuki kusahau, lakini kaka ndiye aliyezikuta zimeunganishwa."

Mama yao alianza kusahau hivyohivyo: kwanza sufuria motoni, halafu majina ya wanawe. Kaka alikuwa amemwambia kwa upole, "Unaanza kuwa kama mama." Tangu hapo kila jioni alipita dirisha kwa dirisha kuangalia kama vitambaa vipo. Mwenye yadi naye alishasema: ikifa nyingine, kazi basi.

Gari la rafiki yangu lilikuwa na kitambaa chake. Mama Chaji akaweka mita kwenye betri, akatazama, akaigonga mita, akaweka tena. Betri ilikuwa imekufa. Waya wa hasi ulikuwa umeunganishwa.

"Si nilichomoa?" aliniuliza mimi, mtu wa kuja.

Alipanda ndani kufungua kitambaa, akaganda. Fundo lilikuwa limelalia upande usio wake. Yadi nzima ina mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto, yuleyule aliyemfundisha kufunga kamba za viatu alipoanza shule. Akafungua friji ndogo chini ya kitanda, ile inayotumia betri ya gari. Ilijaa soda, bado zina ubaridi. Akaitazama chupa niliyoshika.

Tulimkuta meneja langoni, akimuuzia mpita njia soda.

"Kaka, umeme ukikatika soda zako zinapoa wapi?"

Akacheka. "Dada naye! Soda tu hizi. Watu wana kiu."

"Na mimi ukaniambia nina ugonjwa wa mama."

"Sasa ningesemaje? Tajiri angenifukuza palepale. Wewe fundi, nilijua hatakufukuza kirahisi."

"Nilikwenda hospitali, kaka. Nikapigwa picha ya kichwa. Wewe ndiye uliyenishikia mkoba."

Meneja akaanza kufuta chupa ambayo haikuwa na vumbi.

Mama Chaji hakupiga kelele. Alivua glavu, akakunja kile kitambaa chekundu na kumwekea kaka yake kiganjani. "Haya, funga mwenyewe."

"Dada, acha hasira. Na mgeni wa watu je? Gari lake haliwaki!"

Akanigeukia mimi, si yeye. "Betri hiyo usihangaike kuichaji, ndugu yangu. Mwambie kaka yangu akutafutie nyingine."

Baada ya kuvuka lango alisimama, akageuka nusu, akazitazama safu za magari kama mtu anayetaka kurudi kuhakikisha. Nilidhani atarudi. Badala yake aliitengeneza mita yake shingoni, akashika barabara. Nilibaki langoni na kaka yake na soda iliyokwisha kupata joto, gari likiwa nyuma yetu, halina hata nguvu ya kupiga honi.