Saa Kumi na Tatu ya Usiku

Consolée Lwamba, mwanafunzi wa informatiki katika taasisi moja ya Kasongo, nchini Kongo, aliwahi kutengeneza programu iliyotangaza kwamba ni saa kumi na tatu ya usiku. Hakuwa amelewa. Kompyuta nayo haikuwa imelewa, ingawa ilikuwa ya kuazima na herufi R ilibonyezeka kwa ngumi tu.

Chanzo ni asistenti Bruno, mwalimu kijana mwenye tai ndefu kuliko subira yake. Aliwapa wanafunzi kazi: andikeni programu inayosoma saa iliyomo ndani ya kompyuta, kisha iitangaze kwa Kiswahili, kama watu wa hapa wanavyosema. Ijumaa kila mmoja ataionyesha mbele ya wenzake. Itakayokwama, mwenyewe anarudia mwaka.

Na kurudia mwaka Consolée alijua maana yake. Mjomba wake, anayemsomesha kwa biashara yake ya Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, alimwambia wazi kwenye simu: "Mutoto wangu, ukirudia, unapanda pikipiki unakuja huku kuuzia wachimbaji mandazi. Wale hawaulizi diplome, wanauliza kama iko ya moto."

Mwanzoni kazi ilionekana nyepesi. Saba ya kompyuta ni saa moja yetu, nane ni saa mbili. Toa sita, kwisha. Asubuhi programu ilisema kweli kama padri. Jua lilipozama ikaanza uhuni: saa kumi na tatu ya usiku. Akaijaribu kwa saa ya alfajiri, ikamjibu bila aibu: saa hasi mbili.

Ijumaa ikawa inakaribia. Consolée akaenda kwa Iliasi, mwenye duka la fotokopi, anayeuza pia mtandao kwa kila anayekubali kukaa kwenye benchi lake bovu. Akafungua jukwaa ambalo waandishi wa programu wa dunia nzima husaidiana, akaandika kwa Kifaransa kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyoandikia wakubwa: "Waheshimiwa, nina heshima ya kuja mbele ya wema wenu usio na kifani." Akawauliza habari za familia, za mvua, akawaombea baraka. Mwisho kabisa, chini, akabandika programu yake: "Inapaswa kugeuza saba kuwa moja. Usiku inakataa. Nisaidieni."

Jinsi tunavyohesabu saa hakueleza. Aeleze nini? Kwake saba ya kompyuta kuwa saa moja ilikuwa jambo la dunia nzima, kama njaa.

Majibu yakaja.

"Swali liko wapi?" aliandika wa kwanza.

"Hatufanyii watu kazi za shule," wa pili.

Wa tatu, aliyeweka picha ya paka mahali pa uso wake, akamaliza: "Saba haiwi moja. Rekebisha saa ya kwenu kwanza."

Iliasi, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, akacheka mpaka akaegemea mashine. "Dada, umewauliza habari ya watoto, wao wanakujibu kama polisi wa barabara!"

Consolée akapandwa na hasira, akaisahau heshima yote, akapiga herufi kwa nguvu. Hata R ilitii. "Siku yenu inaanza katikati ya usiku! Nani kati yenu anaamka wakati huo aanze kuhesabu? Kwetu jua linatoka, tunakaa macho saa nzima, ndipo tunasema: saa moja. Nyinyi mnaanza kuhesabu mkikoroma!"

Jukwaa likachafuka. Mmoja akataka afukuzwe. Mwingine akaapa kwamba hajawahi kuona saa yenye akili kama hiyo. Paka akabisha, akabishiwa, akatoweka. Katikati ya vurugu akajitokeza mtu aliyejitambulisha kwa jina la Katembo, mzaliwa wa Butembo, Kongo hii hii, anayeandika programu ughaibuni.

"Muacheni," aliandika. "Hata mama yangu anahesabu hivyo. Dada, ungelisema hilo tangu mwanzo, tusingegombana. Kazi yako sikufanyii. Nakuuliza kitu kimoja tu: mshale wa saa ukifika juu kabisa, unaenda wapi?"

"Huyu naye analeta vitendawili!" Consolée akalalamika.

"Si uangalie," Iliasi akamwonyesha kwa kidevu saa ya plastiki juu ya mashine ya fotokopi.

Akaangalia. Kumi na mbili, halafu moja tena. Yeye alikuwa akihesabu kama barabara ya Wamaza, unakwenda tu mbele. Akaruka, benchi likapinduka.

"Inazunguka! Iliasi, inazunguka!"

"Tangu niliponunua," akasema Iliasi.

Consolée akaandika upya papo hapo: ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, tangaza kinachobaki; kisipobaki kitu, sema kumi na mbili. Akajaribu saa zote, akishangilia kila moja kama bao, mpaka wateja wa fotokopi wakaanza kushangilia pia bila kujua timu gani inacheza.

Ijumaa Bruno akaiweka saa ya kompyuta kumi na tisa, programu ikatangaza: Saa moja ya usiku. Akabonyeza nne. Saa kumi ya alfajiri. Akatafuta kosa kwa hamu, akaweka sifuri. Saa sita ya usiku.

"Umeandika mwenyewe?"

"Niliuliza, asistenti."

"Uliuliza nani?"

"Dunia nzima. Wakagombana."

Darasa likaangua kicheko. Bruno akampa chaki, amweleze mstari kwa mstari. Consolée akachora duara ubaoni, akaanza kuzunguka, akazunguka tena, mpaka Bruno akainua mikono: "Basi, basi! Umepita, kaa!"

Akapiga simu Salamabila akiwa bado mlangoni.

"Nimepita, mujomba!"

Zikasikika pikipiki, halafu kicheko kinene. "Sasa mandazi atauza nani?"

"Weye mwenyewe, mujomba!"

"Mutoto mubaya! Haya, niambie. Mutu wa pikipiki akisema anafika saa mbili, programu yako inaweza kunitajia atafika saa ngapi ya kweli?"

Consolée akafikiri. "Hiyo, mujomba, nitarudi kuwauliza. Safari hii swali nitaweka juu, salamu chini."