Mama Chokaa na Koo la Baba Mkwe

Hospitalini kila mtu alimwita Mama Chokaa, naye aliitika bila kinyongo. Jina hilo alipewa na mgonjwa mmoja, dereva wa lori, aliyekitazama kikombe cheupe pe alichoshikishwa akauliza kama anatakiwa akinywe au apake ukuta. Chumba kizima kilicheka, na jina likaganda.

Alikuwa mpiga picha za eksirei, na katika idara yao hakuna aliyejua kunywesha watu bariamu kama yeye. Bariamu ni unga mweupe unaokorogwa na maji mpaka uwe mzito kama rangi, na ladha yake ni ya chaki tupu. Wagonjwa waliikunjia uso kabla hata haijawafikia. Yeye aliipoza kwenye friji, akaikoroga mpaka lisibaki donge hata moja, halafu akamweleza mtu ukweli kwa lugha ya nyumbani.

"Mfupa una kiburi," alizoea kusema. "Unaizuia eksirei, ndiyo maana tunauona. Lakini koo na tumbo ni nyama laini, eksirei inapita humo kama hakuna kitu. Ukinywa hiki kinapaka njia yote kwa ndani, na eksirei haiwezi kukipita. Hapo ndipo tunaona koo lako limekaaje. Halafu utakitoa chooni, cheupe hivyohivyo, usije ukashtuka ukaita majirani."

Watu walicheka, na mtu akishacheka, kikombe kinakwisha.

Nyumbani aliishi na mumewe na baba mkwe wake, fundi cherehani mstaafu aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mkewe. Mzee huyo alikuwa mtu wa maneno machache, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata siku ya joto. Yeye na mkwewe waliheshimiana kwa mbali: salamu asubuhi, pole na kazi jioni, na katikati ukimya mzuri usiomchosha mtu.

Kisha mzee akaanza kuchukua sahani yake na kwenda kulia chumbani.

"Uzee huo," mumewe alisema. "Mwache mzee wa watu apumzike na kelele zetu."

Mama Chokaa aliendelea kula, lakini masikio yake yalikuwa kazini. Alisikia kikohozi kikipenya ukuta kila baada ya mlo. Aliona pia kola za yale mashati zinavyozidi kupwaya.

Jumamosi moja alikuwa jikoni akiosha vyombo. Mzee aliingia, akasimama karibu na meza, ngumi imefumbwa. Akaifumbua. Ndani mlikuwa na kidonge.

"Hiki ni cha presha. Nimekimeza asubuhi," alisema. "Sasa hivi nimeinama kufunga viatu, kikarudi."

Mama Chokaa alikitazama. Kilikuwa kimelainika pembeni tu, maandishi yake bado yanasomeka.

"Baba, hali hii imeanza lini?"

"Kabla ya mvua zilizopita." Alivuta kiti akakaa. "Kaka yangu alianza hivihivi. Ilikuwa kansa ya koo. Mwisho wake naujua, ndiyo maana sikutaka kuwasumbua."

Mama Chokaa alifuta mikono, akakaa mbele yake.

"Wakati anaanza, kaka yako alikubali kupigwa picha?"

"Alikataa katakata. Alikubali akiwa hajiwezi tena."

"Basi hatujui lake lilivyoanza, na lako pia hatulijui. Mimi sijui una nini, Baba. Ila kujua ndiyo kazi yangu. Jumatatu twende."

Mzee alitikisa kichwa. "Niachame mdomo mbele ya mkwe wangu? Hapana, mama. Tutatazamana vipi baada ya hapo?"

"Baba, mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua," mzee alimalizia kwa hasira kidogo. "Mumeo nilimfundisha mimi methali hiyo."

"Basi msikilize mwalimu wa mume wangu."

Mzee alikifunga kidonge kwenye kitambaa, akauliza Jumatatu waende saa ngapi. Jumapili Mama Chokaa alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Mumewe alipomuuliza ana nini, alisema hana kitu, akayasuuza mara ya pili.

Jumatatu daktari wa picha, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, alikuwa tayari kwenye chumba cha eksirei. Kitanda cha mashine kilikuwa kimesimamishwa wima, na mgonjwa anasimama ameegemea hapo. Mzee alitoka kubadili nguo akiwa amevaa gauni la hospitali lililokatika kamba moja.

"Nani kashona hili?" aliuliza. "Mshono wenyewe umelewa."

Mama Chokaa alivaa aproni yake nzito ya risasi, inayozuia miale, akasimama kando yake na kumpa kikombe. Mzee akapiga funda. Akatazama dari, akamtazama mkwewe, koo likafunga. Funda lote likamrukia Mama Chokaa kifuani.

Daktari aliangalia viatu vyake. Mama Chokaa alijua bariamu haikuwa na kosa. Aliyekuwa akiziba koo lile ni yeye mwenyewe, mkwe mtu.

"Daktari, naomba umshikie kikombe. Mimi nahamia nyuma ya kioo."

Alijifuta, akaingia kwenye chumba kidogo cha mitambo nyuma ya kioo, akageuza kiti ili akipe kioo mgongo. Mbele yake ikabaki skrini peke yake. Akawasha kipaza sauti.

"Baba, hapa sikuoni. Naona picha tu. Chukua funda, lishike mdomoni. Usiwe na haraka." Akasubiri kidogo. "Haya, meza."

Weupe uliteleza kooni. Ulipofika chini ya shingo ukasita, ukapinda nyuma, ukajaza kitu cha mviringo ambacho hakikupaswa kuwepo. Kilipojaa, uliobaki ukamwagikia pembeni na kushuka tumboni. Mama Chokaa alihisi mabega yake yanashuka pamoja nao.

"Vizuri sana, Baba. Sasa geuka upande. Tena."

Walipiga picha za kutosha, kisha daktari akamwita mzee kwenye skrini.

"Ni kifuko," alisema. "Ukuta wa koo umetuna kwa nyuma, pale palipo dhaifu. Chakula kinaingia humo, kinakaa, ukiinama kinarudi."

"Si ile ya kaka yangu?"

"Kingo zake ni laini, na hapa sioni uvimbe. Daktari wa upasuaji atachungulia kwa kamera tuwe na uhakika, halafu atakurekebisha. Hii inatibika."

Mzee alisogea mpaka pua ikakaribia kioo cha skrini.

"Mfuko," alisema taratibu. "Maisha yangu yote nashonea watu mifuko. Kumbe na mimi nimebandikwa mmoja, tena bila kupimwa!"

Akacheka mpaka akakohoa, na Mama Chokaa, aproni imelowa bariamu, akacheka naye.

Kamera ilithibitisha maneno ya daktari. Mzee alifanyiwa upasuaji kupitia mdomoni, akaanza na maji, akapanda kwenye supu, na hatimaye mkate. Aliporudi kwa picha ya pili, Mama Chokaa alikuwa anaelekea nyuma ya kioo, mzee akamzuia.

"Unaenda wapi? Baki hapa." Akajaza mdomo, akamkazia macho mkwewe, akasubiri aambiwe.

"Meza, Baba."

Safari hii weupe ulishuka moja kwa moja.

Siku hizi mzee anakula mezani na wengine, na wageni wakija huwasimulia kisa chake kabla hawajaulizia hali. Kila anapokisimulia mfuko unaongezeka. Mwanzo ulikuwa kama zabibu, sasa unaingia mkate mzima. Mume wa Mama Chokaa humkonyeza mkewe amsahihishe mzee, maana picha alizipiga yeye mwenyewe. Mama Chokaa humsogezea mzee bakuli la supu, akamwambia aendelee.