Msanifu Aliyeziba Mlango wa Paka

Saa tatu asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, watu kumi na wanane wamesimama mbele ya nyumba ya magogo mjini Kargopol, kaskazini mwa Urusi. Wanamsubiri paka.

Paka mwenyewe, Filka, dume la kijivu la miaka kumi na mmoja, ameketi kwenye ngazi akijilamba mguu. Mlango uko wazi, naye hana habari nao.

Huku mtu hahamii nyumba kabla paka hajatangulia. Paka akikataa, mwenye nyumba naye hukataa.

“Mpe kipande cha samaki, bibi, tumalize,” anasema Prokhor, fundi seremala.

“Shahidi wa kuhongwa wa nini?” anajibu Kapitolina Yegorovna, mjane wa miaka 76, mwenye nyumba. “Muache. Asipoingia, narudi kwa binti yangu Arkhangelsk leo leo.”

Anayetokwa jasho ni Taisia Zubova, miaka 38, msanifu majengo na mchoraji. Kwa miaka miwili ameibomoa nyumba hii gogo kwa gogo, akayapa magogo namba, akatupa yaliyooza na kuisimamisha upya. Ndiyo ya kwanza kukarabatiwa mtaani. Jirani, Arseny Vlasov, yuko pale anatafuna mbegu za alizeti. Keshamwambia Taisia: bibi akilala ndani usiku huu, atamkabidhi nyumba ya babu yake aikarabati. Asipolala, Jumatatu tingatinga linakuja kuibomoa.

Taisia alizaliwa mjini hapa. Alisoma Moscow, kisha akakaa miaka sita akibuni maegesho chini ya maghorofa.

“Nilikuwa nawachorea magari pa kulala,” anasema. “Hakuna gari lililowahi kuniambia asante.”

Aliporudi, kipato chake kilishuka hadi theluthi moja. Pengo analiziba kwa picha za rangi za maji, rubo elfu nne kila moja. Hagusi nyumba kabla ya kuichora pande zote nne. “Kamera inapita haraka,” anasema. “Mkono lazima usimame kila mahali.”

Leo amemletea bibi picha ya nyumba ilivyokuwa zamani, iwe zawadi ya kuhamia.

Filka anainuka. Anaupita mlango, anazunguka pembeni, anaanza kukwaruza gogo jipya karibu na ardhi. Anakwaruza, anawageukia watu, anakwaruza tena.

Kapitolina anaitazama picha mkononi mwake.

“Mwanangu, hili doa jeusi hapa chini ulilichora wewe?”

“Mimi, bibi.”

“Ulidhani ni nini?”

“Gogo limeoza. Nikaweka jipya.”

“Hilo tundu alilichonga baba yangu. Paka wetu hawajawahi kupita mlango wa wageni.”

Kicheko kinaenea uani. Taisia anaiva uso hadi masikioni. Anachukua msumeno na patasi za Prokhor, anapiga magoti kwenye nyasi na gauni lake la sherehe, anaanza kukata.

“Miaka yote ile ya chuo,” Prokhor anamchokoza, “hawakukufundisha paka anapita wapi?”

“Nawe uliyelipigilia gogo hilo, fundi, hukumbuki?”

“Mimi nafuata ramani, mheshimiwa.”

Dakika ishirini baadaye tundu liko wazi, kingo zimelainishwa. Filka anazinusa mbao mbichi kwa muda mrefu kama mkaguzi wa serikali. Anaingiza kichwa, kisha mabega. Mkia unatoweka.

Punde anaonekana dirishani, amejinyoosha juu ya jiko la matofali, macho nusu yamefumba.

Kapitolina anavuka kizingiti na mkate na chumvi, baraka ya nyumba mpya. “Haya, ingieni,” anasema. “Mnangoja nini?”

Arseny anatema ganda la mbegu, anatoa simu. “Jumatatu usije,” anamwambia mtu wa tingatinga. “Nimesema usije.”

Mtaa una nyumba kumi na moja za aina hii. Taisia anataka kuzisimamisha zote kabla hajafika miaka hamsini.

Jioni ile ile anakwenda kwa Arseny na sanduku lake la rangi. Kabla ya kulifungua anaizunguka nyumba akiwa ameinama, akipapasa magogo ya chini moja moja.

“Paka wenu hupita wapi?” anauliza.

“Sina paka.”

“Mtafute mapema,” anasema Taisia, akichovya brashi. “Naye ana la kusema kwenye ramani.”